Kidhibiti Kwanza: Namna ya Kuandaa na Kutumia Laiseti za Seli katika Kutambua Protini

Mwaka 2023 watafiti wa mpango wa YCharOS walichapisha matokeo ya kupima kingamwili 614 zinazouzwa na makampuni kwa ajili ya kutambua protini 65, nyingi zikihusiana na mfumo wa neva. Kila kingamwili waliijaribu juu ya seli zenye protini husika, kisha juu ya seli pacha ambazo jeni la protini hiyo limeharibiwa. Kingamwili nyingi zilishindwa. Baadhi hazikuiona kabisa protini iliyotajwa kwenye lebo, na nyingine zilishika vitu visivyohusika. Kwa wastani, kila protini ilikutwa na makala zipatazo 12 zilizokwisha kuchapishwa zikiwa na data za kingamwili iliyoshindwa kuitambua.

Nyuma ya makala hizo kuna fedha za umma, miaka ya wanafunzi, na damu ya wagonjwa waliokubali kuchomwa sindano ili elimu ipatikane. Inauma zaidi ukijua kwamba kipimo kilichofichua udhaifu huo kiko ndani ya uwezo wa maabara nyingi: laiseti mbili zilizowekwa bega kwa bega kwenye jeli moja.

Laiseti ni majimaji yanayopatikana baada ya kupasua seli na kuyeyusha protini zake. Laiseti ambayo tunajua kwa hakika kwamba ina protini fulani, au haina, huitwa kidhibiti. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya fundi sanifu wa maabara, mwanafunzi wa shahada ya uzamili na mtafiti wa afya ya binadamu au mifugo anayetaka kuandaa vidhibiti vyake mwenyewe na kuvitumia ipasavyo.

Bendi moja ina maana nyingi

Njia inayotumika sana kutambua protini ndani ya laiseti ni westani bloti. Msingi wake uliwekwa mwaka 1970, Ulrich Laemmli alipoeleza namna ya kutenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli yenye SDS. Mwaka 1979 Harry Towbin na wenzake, wakiwa Basel nchini Uswisi, walionyesha jinsi ya kuhamisha protini kutoka kwenye jeli hadi kwenye utando na kuzitafuta kwa kingamwili. Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1981 na Neal Burnette, aliyekuwa akifanya kazi Seattle, Marekani.

Wengi wetu tuliisikia mbinu hii kwa mara ya kwanza kupitia upimaji wa VVU. Protini za virusi vilivyopasuliwa zilitandazwa kwenye ukanda, kisha seramu ya mgonjwa ikapimwa juu yake kuona kama ina kingamwili dhidi ya protini hizo. Kila awamu ya upimaji ilikuwa na seramu inayojulikana kuwa na kingamwili na nyingine inayojulikana kuwa haina. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziache kutumia westani bloti katika upimaji wa VVU, kwa kuwa vipimo vya haraka vilikuwa vimeshakuwa vya uhakika. Katika utafiti, hata hivyo, mbinu hii ingali mstari wa mbele.

Bendi inapotokea kwenye utando, inathibitisha jambo moja tu: kingamwili imeshika kitu chenye ukubwa fulani. Kitu hicho kinaweza kuwa protini unayoitafuta, au protini nyingine inayofanana nayo. Bendi isipotokea, mambo ni mengi zaidi. Huenda protini haimo, au imo kwa kiasi kidogo mno. Huenda ilikatwakatwa wakati wa kupasua seli, haikuhamia kwenye utando, au kingamwili imeharibika kwenye friji. Sampuli ya mgonjwa peke yake haiwezi kukuambia lipi kati ya hayo limetokea.

Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya mfanyabiashara kwa kuweka juu yake jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Laiseti ya kidhibiti hufanya kazi hiyohiyo maabara.

Vidhibiti unavyovihitaji

Kidhibiti chanya ni laiseti ya seli ambazo zina protini husika kwa uhakika. Kikitoa bendi mahali panapostahili, unajua kwamba jeli, uhamishaji, kingamwili na kemikali za kuonyesha bendi vyote vimefanya kazi.

Kidhibiti hasi ni laiseti ya seli zisizo na protini hiyo. Hiki ndicho kinachopima uaminifu wa kingamwili, na ndicho maabara nyingi hukiacha. Kidhibiti hasi bora hutokana na seli zilezile zilizotumika kwa kidhibiti chanya, tofauti ikiwa jeni moja tu lililoharibiwa kwa mbinu ya CRISPR. Mfano maarufu zaidi ni wa kabla ya CRISPR: seli za saratani ya utumbo mpana ziitwazo HCT116, ambazo mwaka 1998 watafiti wa Johns Hopkins walizitengenezea pacha lisilo na jeni la p53. Mtu anayepima kingamwili ya p53 akiwa na jozi hiyo hana haja ya kubahatisha.

Pale ambapo seli za CRISPR hazipatikani, siRNA inaweza kupunguza protini kwa muda. Hapo bendi haitarajiwi kupotea kabisa. Inatarajiwa kufifia, na kufifia huko ndiko ushahidi.

Zipo pia seli ambazo maumbile yake yamezifanya vidhibiti hasi vya asili. MCF-7, zilizotokana na saratani ya matiti, hazina protini ya kaspesi-3 kwa sababu jeni lake lina kipande kilichopotea. Daudi ni ukoo wa seli wa mwaka 1967 uliotokana na saratani ya Burkitt, ugonjwa ambao Denis Burkitt aliueleza akiwa Uganda mwaka 1958. Seli za Daudi haziwezi kutengeneza beta-2 mikroglobulini, na kwa sababu hiyo hazionyeshi HLA za daraja la kwanza juu ya ngozi yake. Anayetafuta kidhibiti hasi cha beta-2 mikroglobulini atakipata humo bila kuhariri jeni lolote.

Aina nyingine ni laiseti ya seli zilizolazimishwa kutengeneza protini kwa wingi, mara nyingi HEK293T zilizopandikizwa plasmidi. Mwenzake ni laiseti ya seli hizohizo zilizopandikizwa plasmidi tupu. Jozi hii ni rahisi kuitengeneza, lakini ina mtego. Kiasi cha protini ndani yake huwa kikubwa mno, kiasi kwamba hata kingamwili dhaifu huiona. Kingamwili iliyofaulu hapo inaweza kushindwa kabisa mbele ya kiasi cha kawaida kilichomo kwenye tishu. Itumie kuthibitisha mahali pa bendi, na usiishie hapo.

Mwisho ni protini za kulinganisha ujazo, kama aktini yenye kilodaltoni 42, GAPDH yenye takriban 37, au tubulini yenye takriban 50. Hizi huonyesha kwamba kila njia ya jeli imewekewa kiasi sawa cha protini. Haziwezi kuchukua nafasi ya kidhibiti chanya wala hasi. Aktini ikionekana vizuri inathibitisha kwamba kingamwili ya aktini inafanya kazi, basi.

Kuchagua seli zinazofaa

Jina kubwa la seli halitoshi kuzifanya zifae. Chukua HeLa, zilizotokana na Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi aliyetibiwa Johns Hopkins mwaka 1951, na ambaye seli zake zilichukuliwa bila idhini yake. Seli hizi zimetumika katika maelfu ya tafiti. Hata hivyo, zina virusi vya papiloma aina ya 18, na protini ya virusi hivyo iitwayo E6 husababisha p53 ivunjwe. Kwa hiyo HeLa ni kidhibiti chanya duni cha p53. Kwa upande mwingine, HEK293T zina protini ya virusi vya SV40 inayoizuia p53 isivunjwe, kwa hiyo p53 hujazana humo kupita kawaida. Mtafiti asiyejua hayo anaweza kulinganisha laiseti hizi mbili na kufikia hitimisho lisilo na msingi.

Kabla ya kuotesha seli, tazama kwanza hifadhidata ya Human Protein Atlas ya Sweden, ambayo iko wazi kwa kila mtu na huonyesha ni koo zipi za seli zina jeni lipi likifanya kazi na kwa kiwango gani. A431 zina EGFR nyingi sana. SK-BR-3 zina HER2 nyingi. MCF-7 zina kipokezi cha estrojeni, ilhali MDA-MB-231 hazina. Jurkat ni seli za T, hivyo hufaa kwa protini za kinga zinazohusu T.

Anayefanya kazi na mifugo achague seli za mnyama husika. Kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya protini ya binadamu inaweza isiitambue ya ng'ombe, hata kama jina ni moja. Katika eneo letu upo mfano mzuri. Vimelea vya Theileria parva, vinavyosababisha ndigana kali, huingia kwenye limfosaiti za ng'ombe na kuzifanya zigawanyike bila kikomo. Maabara za utafiti wa mifugo, ikiwemo ILRI ya Nairobi, huziotesha seli hizo kwa miaka. Laiseti ya seli zilizoambukizwa ni kidhibiti chanya cha protini za kimelea. Limfosaiti za ng'ombe huyohuyo zisizo na maambukizi, zikichochewa kugawanyika kwa konkanavalini A, hutoa kidhibiti hasi. Kumbuka tu kwamba protini ya kimelea iitwayo PIM hutofautiana ukubwa kati ya aina moja ya vimelea na nyingine, kwa hiyo andika ni aina gani iliyomo kwenye laiseti yako.

Halafu hakikisha seli ni zile unazodhani. Mwaka 1966 Stanley Gartler alionyesha kwamba koo nyingi za seli zilizokuwa zikitumika kwa majina tofauti zilikuwa zimevamiwa na HeLa, na tatizo la seli zenye majina ya uongo halijaisha. Pima utambulisho wa seli kwa alama za DNA ziitwazo STR, na pima maikoplazma mara kwa mara. Laiseti ya seli zisizojulikana haiwezi kuwa shahidi wa jambo lolote.

Hatua za kuandaa laiseti

Maelezo yafuatayo yanahusu seli zinazoshikamana na sahani. Kwa seli zinazoelea, kama Jurkat au Daudi, zikusanye kwa kuzizungusha kwenye sentrifyuji kabla ya kuziosha.

*Andaa bafa.* Bafa itumikayo sana ni RIPA: Tris milimola 50 yenye pH kati ya 7.4 na 8.0, chumvi ya sodiamu kloridi milimola 150, NP-40 au Triton X-100 asilimia 1, sodiamu deoksikoleti asilimia 0.5, na SDS asilimia 0.1. Hutoa protini nyingi, zikiwemo za kiini. Ukitaka protini zibaki zimeshikana na wenzake, au ukikusudia kuzipima kwa ELISA, tumia bafa ya upole yenye NP-40 au Triton bila SDS wala deoksikoleti.

*Weka vizuizi.* Seli inapopasuka, vimeng'enya vilivyokuwa vimefungiwa hutoka na kuanza kukata protini. Ongeza vizuizi vya proteasi dakika chache kabla ya kutumia bafa. PMSF, kwa mfano, huharibika ndani ya maji kwa muda mfupi. Ukiiweka leo asubuhi kwa kazi ya kesho, umeweka bure. Kama utatafuta protini zilizobandikwa fosfeti, ongeza vizuizi vya fosfatesi: sodiamu floridi, beta-gliserofosfeti na sodiamu othovanadeti. Othovanadeti inahitaji kwanza kurekebishwa hadi pH 10 na kuchemshwa mpaka iwe haina rangi.

*Osha.* Weka sahani juu ya barafu, mwaga chakula cha seli, osha mara mbili kwa PBS baridi. Chakula hicho huwa na seramu ya ng'ombe, na albumini yake ya kilodaltoni 66 ikibaki itavuruga vipimo vyako na kupotosha bendi zilizo karibu nayo. Mwaga PBS yote. Tone linalobaki hupunguza nguvu ya bafa.

*Pasua.* Kwenye sahani ya sentimita 10 iliyojaa, weka takriban mililita 0.5 ya bafa baridi. Zikwangue seli kwa kikwanguo cha plastiki. Usitumie tripsini ikiwa protini yako iko juu ya ngozi ya seli, kwa kuwa tripsini huikata. Hamishia kila kitu kwenye kichupa kilichopozwa, kiache kwenye barafu dakika 15 hadi 30 huku ukikitikisa mara kwa mara.

*Vunja DNA.* Laiseti ikiwa inavutika kama ute, DNA ndiyo inayoleta hali hiyo. Tumia mashine ya mawimbi ya sauti kwa vipindi vifupi, kichupa kikiwa kwenye barafu, au ipitishe mara kadhaa kwenye sindano nyembamba. Ukiruka hatua hii, njia za jeli zitapinda na vipimo vya kiasi havitaaminika.

*Zungusha.* Tumia sentrifyuji iliyopozwa hadi nyuzi 4, kwa nguvu ya g 12,000 hadi 14,000, dakika 15. Chukua maji ya juu, acha mashapo. Lakini zingatia kwamba baadhi ya protini, hasa za kromatini na nyuzi za ndani ya seli, hubaki kwenye mashapo hayo. Kama unatafuta protini ya aina hiyo, pasua seli moja kwa moja kwa bafa yenye SDS asilimia 1 au 2 iliyo moto, kisha vunja DNA.

*Pima kiasi.* Kwa laiseti ya RIPA tumia kipimo cha BCA, kinachosomwa kwenye nanomita 562. Kipimo cha Bradford, kinachosomwa kwenye 595, huvurugwa na sabuni zilizomo ndani ya RIPA. BCA nayo huvurugwa na kemikali kama DTT na merkaptoethanoli, kwa hiyo pima kabla ya kuziongeza. Mstari wa vipimo uundwe kwa albumini iliyoyeyushwa kwenye bafa ileile iliyopasua seli. Sahani moja ya HeLa iliyojaa hutoa kwa kawaida miligramu 1 hadi 2 za protini.

*Sawazisha na kupasha moto.* Tuseme una mililita 1 ya laiseti yenye miligramu 4 kwa mililita. Ongeza mililita 0.5 ya bafa ya kupasulia na mililita 0.5 ya bafa ya Laemmli iliyokolezwa mara nne. Sasa una mililita 2 zenye miligramu 2 kwa mililita, na kila maikrolita 10 ni maikrogramu 20, kiasi kinachotosha njia moja ya jeli. Pasha moto kwa nyuzi 95 dakika 5. Protini zinazopita utando wa seli mara nyingi huganda kwa joto hilo na kukwama juu ya jeli. Hizo zipashe kwa nyuzi 37 hadi 70 kwa muda mrefu kidogo.

*Gawa na kuhifadhi.* Mimina katika mafungu madogo yanayotosha kutumika mara moja, kisha weka kwenye friza ya nyuzi hasi 80. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huharibu protini. Pale ambapo umeme hukatika, laiseti iliyokwisha kuchanganywa na bafa ya Laemmli na kupashwa moto huvumilia zaidi kuliko laiseti mbichi, maana SDS na joto vimeshaua vimeng'enya vya kukata. Hifadhi sehemu ya kila toleo kwa namna hiyo.

*Andika lebo.* Jina la ukoo wa seli, idadi ya mara zilizooteshwa upya, dawa zilizopewa na kwa muda gani, bafa, kiasi cha protini, tarehe na namba ya toleo. Kichupa kisicho na maelezo haya kitupwe.

Vidhibiti vya protini zinazobadilika

Baadhi ya protini huonekana tu seli inapochokozwa. Kwa hizi, kidhibiti huwa ni jozi: seli zilizochokozwa na zisizochokozwa, zilizooteshwa siku moja na kupasuliwa pamoja.

Kwa EGFR iliyobandikwa fosfeti, chukua A431, ziache usiku kucha bila seramu, kisha upe upande mmoja EGF nanogramu 100 kwa mililita kwa dakika 5 hadi 10. Pasua papo hapo. Kwa kufa kwa seli, zipe Jurkat staurosporini maikromola 1 kwa saa tatu au nne. Protini ya PARP yenye kilodaltoni 116 hukatwa na kutoa kipande cha 89, na bendi hizo mbili zikionekana kwenye utando mmoja hueleza kila kitu.

HIF-1 alfa inahitaji mkono mwepesi. Penye oksijeni protini hii huvunjwa ndani ya dakika chache. Seli zinaweza kupewa kobalti kloridi, ambayo huzifanya zijione kama hazina oksijeni, na zipasuliwe mara tu zinapotolewa kwenye inkubeta. Mtu akienda kujibu simu kati ya kuosha na kupasua, anaweza kurudi akakuta kidhibiti chake chanya kimekuwa hasi.

Kuthibitisha kwamba kingamwili inatambua fosfeti yenyewe, gawa laiseti ya seli zilizochokozwa mara mbili na uitibu sehemu moja kwa lamda fosfatesi. Laiseti ya kazi hii iandaliwe bila vizuizi vya fosfatesi wala EDTA, kwa sababu kimeng'enya hiki kinahitaji manganizi. Bendi ikitoweka upande uliotibiwa, huku kingamwili ya protini nzima ikionyesha kiasi kilekile pande zote mbili, kingamwili yako ni ya kweli.

Kuweka kwenye jeli na kusoma matokeo

Weka vidhibiti kwenye jeli ileile yenye sampuli. Utando wa jana hauwezi kuisemea jeli ya leo. Vidhibiti viwe na kiasi sawa cha protini na sampuli, na visibanwe pembeni ambako jeli hukimbia kwa kupinda. Weka ngazi ya ukubwa, acha nafasi kati ya laiseti yenye protini nyingi sana na sampuli iliyo jirani, ili isiimwagikie.

Ukisoma, anza na vidhibiti kabla ya kutazama sampuli. Kidhibiti chanya kikitoa bendi, na hasi kikawa safi, endelea. Vyote viwili vikitoa bendi mahali pamoja, kingamwili inashika kitu kingine. Hakuna tarakimu utakayopata kutoka kwenye utando huo itakayokuwa na maana. Vyote vikiwa vitupu, kasoro iko kwenye njia ya upimaji, kwa hiyo angalia uhamishaji kwa rangi ya Ponso na ukague tarehe za kingamwili. Kidhibiti hasi kikiwa na bendi za ziada mbali na mahali pa protini yako, kingamwili bado inaweza kutumika kwa westani bloti, mradi bendi sahihi inatengana vizuri na nyingine. Haifai kutumika kwa kupaka rangi tishu au kwa ELISA, ambako hakuna jeli ya kutenganisha.

Usishtuke bendi ikikaa mbali kidogo na ukubwa uliokokotolewa. P53 ilipewa jina kwa sababu hukaa kwenye kilodaltoni 53, ilhali mpangilio wa amino asidi zake unatoa takriban 44. Sukari, fosfeti na umbo la protini huweza kuisogeza. Hapo ndipo kidhibiti hasi kinapoonyesha thamani yake: bendi inayotoweka jeni likiondolewa ndiyo yenyewe, hata kama imekaa mahali usipopatarajia.

Kwa ELISA, laiseti inahitaji uangalifu wa ziada. SDS huvuruga kingamwili zinazotegemea umbo la protini, kwa hiyo tumia laiseti ya bafa ya upole isiyopashwa moto. Ipunguze kwa hatua, mara mbili, mara nne, mara nane. Usomaji ukishuka kwa uwiano huohuo, kipimo kinaaminika. Usiposhuka hivyo, kuna kitu kwenye laiseti kinachozuia upimaji.

Toleo jipya lisimame mbele ya la zamani

Toleo moja la laiseti lina mwisho wake. Kabla halijaisha, andaa jingine na uyaweke yote mawili kwenye jeli moja. Likifanana, liandike kwenye daftari na ulitumie. Likitofautiana, tafuta sababu: seli zimezeeka, dawa imebadilika, au vizuizi vilisahaulika. Maabara isiyofanya hivi huishia kulinganisha matokeo ya mwaka huu na ya mwaka jana kwa vipimo viwili tofauti bila kujua.

Kwa maabara zenye bajeti ndogo, jambo la busara ni kugawana kazi. Maabara moja yenye chumba kizuri cha kuotesha seli inaweza kuandaa toleo kubwa, kulipima, kuligawa katika mafungu na kuwapa jirani zake katika chuo au taasisi, likiwa na karatasi ya maelezo. Laiseti zilizotengenezwa tayari zinauzwa pia, na kwa protini ambayo utaipima mara chache huenda kununua kukawa nafuu kuliko kuotesha seli mwezi mzima. Ukinunua, bado ikague mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Usalama wako na wa wenzako

Seli zote za binadamu zishughulikiwe kama zenye maambukizi, ndani ya kabati la usalama wa kibiolojia na kwa kanuni za ngazi ya pili. HeLa zina papiloma na Daudi zina virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 kutokana na uvimbe wa Burkitt uliotoka Uganda. PMSF ni sumu, akrilamaidi isiyoganda hudhuru neva, na merkaptoethanoli ifunguliwe tu kwenye kabati la kuvuta hewa. Vaa glavu na koti, na usimwage mabaki kwenye sinki kabla ya kuyatibu kama utaratibu wa maabara yako unavyotaka.

Gharama ya kidhibiti ni njia mbili za jeli na siku chache za kuotesha seli. Gharama ya kukiacha hulipwa na mgonjwa ambaye sampuli yake ilichukuliwa mara moja na haiwezi kuchukuliwa tena. Msimamizi wa utafiti na adai kuona vidhibiti kabla ya kuona matokeo, na mhariri wa jarida afanye vivyo hivyo. Wewe uliyeshika pipeti, usiweke sampuli ya mgonjwa hata moja kwenye jeli mpaka kidhibiti chanya na kidhibiti hasi viwe vimeshapata nafasi zao.